Ukisema Starlet, tutakuuliza ni ipi

"Dada, naomba pedi za breki za Starlet, za mbele. Zipande basi la Dodoma leo hii."

Simu za namna hii tunapokea sana, na kwa miaka mingi hatukuwa na la kuuliza. Starlet ilikuwa Starlet. Tunashusha boksi, tunaandika jina na namba ya simu, kijana anapeleka stendi. Siku hiyo nayo tukafanya hivyohivyo. Kesho yake asubuhi fundi akapiga: pedi hazikai. Akatuma picha, gari liko juu ya jeki, tairi za mbele zimetolewa, mwenye gari kasimama pembeni na safari yake imeshaharibika. Nyuma ya gari imeandikwa Starlet, wazi kabisa. Lakini haikuwa Starlet tuliyozoea kuihudumia sisi.

Kosa lilikuwa letu. Mteja alisoma kilichoandikwa kwenye gari lake, alisema kweli. Tulituma pedi nyingine kwa gharama zetu, na tangu siku hiyo tumebadilisha namna tunavyopokea oda. Tunaandika haya ili ukipiga simu ukasikia maswali mengi usione tunakusumbua.

Starlet ya zamani, ile iliyosomesha watoto wa watu wengi, kwa namba ya modeli ni EP82 na mdogo wake EP91. Injini iliyozoeleka ni 4E, lita 1.3, na ina mkanda wa taimingi ambao fundi mzuri anajua ubadilishwe lini. Mwaka 1999 Toyota waliifunga Starlet na kuleta Vitz mahali pake. Jina likalala zaidi ya miaka 20.

Machi 2019 Toyota na Suzuki wakatangaza makubaliano mapana ya kushirikiana. Ndani yake kulikuwa na jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja: Suzuki watawapa Toyota magari madogo manne kwa ajili ya soko la Afrika, nayo ni Baleno, Vitara Brezza, Ciaz na Ertiga. Magari haya hutengenezwa India. Yalipowekewa nembo ya Toyota yalihitaji majina, na Toyota hawakubuni jina hata moja jipya. Walirudi stoo. Baleno ikawa Starlet, ikaanza kuuzwa Afrika Kusini mwaka 2020. Ertiga ikawa Rumion mwaka 2021. Ciaz ikapewa jina la Belta. Vitara Brezza ikaitwa Urban Cruiser, jina ambalo Ulaya walilitumia kuanzia mwaka 2009 kwa gari ambalo sisi tunalijua kama IST ya umbo la pili.

Kwa hiyo majina manne ya zamani yamevalishwa magari manne yasiyo na undugu wa damu na wenye majina wa kwanza. Chukua Rumion. Ile ya Japani, iliyotoka 2007 hadi 2015, ni ya ukoo wa Corolla. Inabeba watu watano, na injini yake ni 1NZ ya lita 1.5 au 2ZR ya lita 1.8, ambazo kila fundi wa gereji ya mtaani ameshazifungua. Rumion mpya ni ya watu saba, na injini yake ni K15B ya Suzuki. Filta, pedi, bushi, shokapu, rejeta, kioo cha mbele, hakuna kinachoingiliana. Mtu akitutumia ujumbe "shokapu za nyuma za Rumion, bei gani?" hatuwezi kumjibu kwa uaminifu kabla ya kujua ni ipi.

Vitz ndiyo inayotupa mashaka kuliko zote. Mwanzoni mwa 2020 Japani waliliacha jina hilo, gari likaanza kuitwa Yaris kama lilivyokuwa likiitwa nchi nyingine nyingi. Tukadhani Vitz imekwisha, zimebaki zile za mtumba tu. Mwaka 2023 jina likaibuka Afrika Kusini, likiwa limebandikwa kwenye Suzuki Celerio. Sasa angalia mtego ulivyo: Celerio hii ina injini ya lita 1.0 yenye silinda tatu, inaitwa K10C. Vitz ya KSP90, ambayo imejaa hapa mjini, nayo ina injini ya lita 1.0 yenye silinda tatu, inaitwa 1KR. Mteja akikuambia "Vitz, cc elfu moja, pistoni tatu," amejieleza vizuri kabisa, na bado hujajua uchukue boksi lipi.

Wateja wengine hukasirika wakisikia hivi. Wanaona kama wamedanganywa, wamenunua Toyota wakapewa Suzuki. Sisi hatuoni hivyo. Suzuki wanajua kutengeneza gari dogo lisilokunywa mafuta, na makubaliano yale yalitangazwa hadharani. Tunacholalamikia ni jina, kwa sababu jina linabeba ahadi kwa mtu ambaye hana muda wa kusoma habari za makampuni. Mtu aliyeendesha Starlet ya baba yake anaamini spea ni zilezile, fundi ni yuleyule, na stoo yoyote ya mtaani itamsaidia. Hilo si kweli, na anapaswa kuambiwa mapema.

Kwa nini wanarudia majina? Jina jipya linagharimu. Lazima litangazwe, watu walizoee, waliamini. Jina la zamani limeshafanya kazi hiyo. Tena katika nchi nyingi alama ya biashara iliyosajiliwa ikikaa miaka kadhaa bila kutumika inaweza kufutwa, kwa hiyo kulitumia ni njia ya kulilinda. Kwa upande wetu kuna jambo la ziada ambalo sijaona likisemwa sana: Vitz, Belta na Rumion ni majina ya soko la ndani la Japani. Yalitufikia kupitia mitumba. Ni madalali, mafundi, madereva wa teksi na akina sisi wa maduka ya spea tulioyafanya yawe majina ya nyumbani. Kampuni ilipokuja kutafuta jina la kuuzia gari jipya Afrika, ilikuta kazi ya kulijenga imeshafanywa na watu wa mtumba. Naona tuna haki ya kujivunia.

Wenzetu huko nje wanafanya hivyo siku nyingi. Beetle ya Volkswagen ya zamani ilikuwa na injini nyuma, ikipozwa kwa hewa. Ile iliyorudi mwaka 1998 injini iko mbele na inapozwa kwa maji. Supra ya Toyota iliyorudi 2019 ilijengwa pamoja na BMW. Ford Bronco ilisimama 1996 ikarudi robo karne baadaye. Wakati mwingine linalorudi si jina peke yake: Land Cruiser 70, mkonge wetu, iliacha kuuzwa Japani mwaka 2004, ikarejea kwa muda mwaka 2014, kisha ikarudi tena mwishoni mwa 2023. Huko kwao lilikuwa tukio. Huku kwetu haikuwahi kuondoka.

Na kuna jina lililorudi likafa tena. Wazee wanaokuja dukani wakisikia Datsun nyuso zinabadilika, hasa waliofuatilia Safari Rally. Dereva Shekhar Mehta alishinda mbio hizo mwaka 1973 akiwa na Datsun 240Z, kisha akashinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun 160J na Violet. Ulikuwa wakati ambao Datsun ilikuwa sifa ya uimara. Nissan walikuwa wameanza kuliondoa jina hilo, na kufikia 1986 lilikuwa limekwisha. Mwaka 2013 wakalifufua kwa gari dogo la bei nafuu, Datsun Go, lililozinduliwa India. Mwaka 2022 wakalizima tena. Uimara wa 240Z haukuja pamoja na jina, na wanunuzi waliliona hilo.

Sasa turudi kwenye gari lako. Dawa ya mkanganyiko huu watu wa Bongo tulishaigundua zamani, tukaisahau. Hakuna anayesema "nauza Mark II ya mwaka fulani". Tunasema GX 100, GX 110. Hiyo si lakabu, ni namba ya modeli iliyogongwa kwenye chasisi. G inataja injini, yaani 1G ya silinda sita. X ni ukoo wa Mark II, Chaser na Cresta. Tarakimu zinataja toleo. Ukitamka GX 110 umeshampa muuza spea nusu ya jibu.

Utaratibu huohuo uko kwenye magari madogo. EP91: E ni injini ya 4E, P ni ukoo. NCP61, ambayo ni IST: N ni injini ya NZ, na P ile bado ipo. KSP90 ya Vitz: K ni 1KR, P ipo. KSP92 ya Belta ya zamani, vilevile. Starlet, Vitz, IST na Belta za Japani zilikuwa ndugu kweli, na herufi ya ukoo inashuhudia. Starlet mpya haina P hiyo. Injini yake haina hata mkanda wa taimingi, ina cheni. Kwa hiyo fundi akikuagiza ununue mkanda wa taimingi wa Starlet ya 2022, mwombe kwa heshima aangalie tena.

Gari la mtumba kutoka Japani lina namba fupi ya chasisi: herufi na tarakimu za modeli, kistari, kisha tarakimu saba. Magari haya mapya ya India yana namba ndefu ya herufi na tarakimu 17, inayoanza na M ikifuatiwa na herufi kati ya A na E. Hiyo M peke yake inatutosha kuanza kushuku kwamba Vitz yako ni Celerio. Ukiisoma kwa simu, kumbuka namba ya 17 haina herufi I, O wala Q. Ukiona kitu kinachofanana na O, ni sifuri.

Utaipata kwenye kadi ya gari, na kwenye kibati kilichoko ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Tunapendelea picha ya kibati kuliko kusomewa. Kama spea ya zamani imeshafunguliwa, piga na picha yake ikiwa imewekwa karibu na rula, na usiitupe kabla mpya haijafungwa. Kwa Starlet mpya tunahitaji namba hata kama umetuambia ni mpya, kwa sababu ile ya 2020 na ile iliyoifuata 2022 zimetokana na matoleo mawili tofauti ya Baleno.

Sisi tunaitafuta spea kwa namba ya chasisi, halafu tunalinganisha na namba ya Suzuki kama gari ni la ukoo huo. Mara nyingi spea ya boksi la Suzuki ndiyo hiyohiyo na inafaa bila tatizo, isipokuwa vitu vya sura kama shoo ya mbele, bampa na nembo, ambavyo huweza kutofautiana. Tutakuambia boksi ni la nani kabla hujalipa. Ukitupa namba na spea isikae, nauli ya kurudisha na ya kutuma nyingine ni juu yetu. Ukitupa jina tu, tutakuomba picha kwanza, hata kama basi linakaribia kuondoka.