Mwanangu, kabla hujaripoti kambini

Mwanangu, tangu majina ya JKT yatoke umenuna hata chai hunywi vizuri, haya nuna, ila kabla hujaripoti angalia muvi moja ya zamani ya Kimarekani inaitwa Doughboys, ya 1930, ya Buster Keaton yule jamaa hacheki hata ukuta wa nyumba umdondokee. Humo anaitwa Elmer, mtoto wa kishua kabisa, ni wakati wa vita ya kwanza ya dunia na dereva wake kaacha kazi kaenda jeshini, basi Elmer anaingia ofisi ya ajira atafute dereva mwingine, kumbe ile ofisi imeshageuzwa ya kuandikisha askari! Karatasi zinaletwa, anasaini tu, anajua anaajiri mtu kumbe ndo kaajiriwa yeye 😂 kuja kushtuka ni kuruti, afande anambwatukia puani na kwata haiwezi.

Baadae yuko mahandaki ya Ufaransa, anakutana uso kwa uso na adui, kumbe ni mtumishi wake wa zamani Gustave, yuko jeshi la Ujerumani, ana njaa hana hata hamu ya kupigana. Hapo mi nacheka kila nikiangalia.

Ila ujue Keaton hakutunga tu. 1918 alichukuliwa jeshini kweli, ana miaka 22, muvi zake ndo kwanza zinaanza kushika, akapewa suruali ndefu mno na viatu namba 8 wakati yeye anavaa 6 na nusu. Kule Ufaransa wakawa wanalazwa chini kwenye maghala na mabanda ya wanyama, baridi ikamwingia masikioni mpaka akawa karibu kiziwi, usiku mmoja mlinzi anamuita asimame yeye hasikii, nusura apigwe risasi na mwenzake. Masikio yale hayakupona vizuri tena. Mtu wa hivyo akija kukuigizia kuruti asiyetaka jeshi unaona kabisa anajua anachokifanya. (Babu zetu waliobebeshwa mizigo kwenye vita hiyohiyo huku kwetu sijaona hata komedi moja yao, nao hawakuomba kwenda.)

Sauti ya muvi ina mikwaruzo vumilia, na kuna sehemu za kuimba imba ruka tu.

Raba zako nimeshanunua zile ngumu, zijaribu leo na soksi, zikibana niambie mapema nikabadilishe, yule muuzaji akipitisha siku anakuwa mbishi.

Babaako