Tasbihi ya punje sitini

Wete, Pemba

Assalamu aleikum sahibu yangu,

Barua yako imefika. Sisi wazima, karafuu za mzee ziko jamvini na kazi yangu ni kuanua kila wingu likitanda.

Umeuliza lile swali la shindano la kuandika programu nimelimalizaje: namba ya Fibonacci (1, 1, 2, 3, 5, 8, kila moja ni jumla ya mbili za nyuma yake) iliyo nafasi ya 1 yenye sifuri 18, igawe kwa 1,000,000,007, utoe baki. Nilianza kijinga. Lugha ya programu ya C++, namba ya biti 64 (yaani vijichumba 64 vya 0 au 1), najumlisha mbili za nyuma napata ya mbele. Mpaka ya 92 shwari. Ya 93 ikatoka -6246583658587674878. Chanya kwa chanya, hasi! Kumbe pishi imejaa. Biti 64, moja ikiwa ya alama ya chanya au hasi, zinaishia 9,223,372,036,854,775,807.

Nikahamia Python, lugha nyingine ya programu, yeye namba ndefu haimshindi. Kimya. Nikapiga hesabu: hata angekwenda hatua bilioni kwa sekunde, ningemngoja miaka 31 na ushei.

Jioni nimekaa namtazama bibi anavuta uradi. Kidole chake hakijui amefika elfu ngapi, kinajua kipo punje gani. Ala! Swali halitaki namba, linataka punje. Tarakimu ya mwisho ya Fibonacci hujirudia kila baada ya 60. Moja na sifuri 18, ukiigawa kwa 60, inabaki 40. Ya 40 ni 102334155. Basi lile dude linaishia na 5, na kompyuta sijaiwasha.

Baki za kugawa kwa 1,000,000,007 nazo hujirudia, lakini tasbihi yake ndiyo balaa, ina punje 2,000,000,016. Hapo ni kuruka. Ukiwa na ya k, iite a, na inayoifuata, b, basi ya 2k ni a × (2b − a), na jirani yake ni a² + b². Rudufu hivyo mara 60 hivi, ukisogea nafasi moja pale inapobidi, umefika, kila hatua ukibakisha baki tu ili pishi isifurike.

Nikatuma. Jibu si sahihi. Wallahi nilitaka kulia. Hasi ile ile: ukishachukua baki, 2b − a huweza kushuka chini ya sifuri, na C++ hukuachia baki yenye alama ya hasi. Nikaongeza 1,000,000,007 kabla ya kuzidisha, ikapita, saa nane za usiku.

Sasa zamu yako huko Mjini: nipe tarakimu mbili za mwisho. Tasbihi yake ina punje 300, na simu usiiguse.

Bibi anakusalimu.

Mwenzio