Madirisha 26, kodi 1,500

Mhariri,

Gazeti lako nalisoma mwaka wa kumi na tisa huu, sijawahi kukuandikia hata mstari. Safari hii mmenishinda. Yule bwana mliyempa nusu ukurasa Jumanne, anayesema tajiri akiongezewa kodi atahamisha fedha zake, mleteni kwetu Mbagala tarehe mosi ya mwezi wowote, saa moja usiku.

Atatukuta gizani. Tuko wapangaji sita, mita moja ya umeme. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na tangu 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba isiyo ghorofa. Anayenunua wa kwanza mwezi ukianza ndiye anayekatwa, basi ikifika tarehe mosi kila mtu ana msiba, au simu yake imezima. Mwezi huu nimeingia mimi, kwa kuwa nilikuwa na sare za shule za kumalizia na cherehani yangu ina mota. Nikaweka 5,000, zikaja uniti tisa na kitu. Nikamwendea mwenye nyumba, maana tuliambiwa deni ni lake, tukatane kwenye pango. Hata kiti hakunipa. "Mama, chumba hicho kina foleni."

Sasa sikia. Wiki hiyohiyo nilikwenda kupima mapazia kwenye nyumba moja Mbezi Beach. Madirisha 26, tepu nilishika mwenyewe. Viyoyozi tisa, bwawa la kuogelea, jenereta linalozidi chumba changu, na mbwa wawili wanaokula nyama ambayo kwetu inasubiri Idi. Lakini si ghorofa! Imetandazwa chini kama mkeka, kwa hiyo nayo ni 1,500, sawa na kibanda chetu ambacho mvua ikinyesha tunasogeza vitanda. Ingekuwa na ghorofa, ni 7,500 kwa kila sakafu, na hiyo kwake ni hela ya soda. Kwenye mishahara ni yaleyale: kodi ya asilimia 30 inaanza ukivuka milioni moja kwa mwezi, na juu ya hapo hakuna ngazi nyingine, hata uwe bosi wa milioni 40. Halafu tunaambiwa atakimbia. Akimbilie wapi na bwawa?

Na hilo pango lenyewe, miezi sita mkononi, risiti sijawahi kuiona. Mimi nikiuza sketi moja bila risiti ya mashine, ni mbio.

Ushauri wangu kwa wahusika: watoze madirisha. Elfu tano kila moja. Kuhesabu nitahesabu mimi, tepu ninayo, wanipe nauli tu. Wakiona aibu kuingia ndani ya mageti, wahesabu viyoyozi, vinaonekana hata ukiwa kwenye bajaji. Langu ni dirisha moja, wavu umetoboka. Hilo waliandike la kwanza.

Mshona mapazia,
Mbagala, Dar es Salaam