Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Masomo ya Mtandaoni na Wanafunzi Wenye Ulemavu

Ndugu wanachama,

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, na ratiba ya mafunzo yote imo kwenye kabrasha. Mimi nitaeleza jambo moja lililobadilika mwaka huu katika kazi yetu, sababu za Kamati Tendaji kulibadilisha, na hoja inayosubiri uamuzi wenu leo.

Tangu chama kianze, kazi yetu kubwa imekuwa ukarabati. Mwanafunzi asiyeona analeta faili alilopewa darasani, kisoma skrini chake, yaani programu inayomsomea kwa sauti kilichoandikwa kwenye kompyuta au simu, hakiambulii kitu, nasi tunaketi nalo, tunalichapa upya na kumrudishia. Ni kazi ya heri isiyo na mwisho. Faili la wiki ya pili linapokamilika, wenzake wameshafika wiki ya sita na jaribio la kwanza limepita. Ndiyo maana Kamati iliamua nguvu nyingi ziende kwa anayeandaa somo, yaani mhadhiri na fundi wa mfumo wa kujifunzia, ili faili litoke mikononi mwake likiwa linasomeka. Ukarabati umebaki kwa dharura tu. Baadhi yenu mliandika kwamba tunawatelekeza wanafunzi. Barua hizo nimezisoma zote, na nakubali kwamba muhula wa kwanza ulikuwa mgumu kwa waliozoea huduma ile. Hata hivyo msimamo wa Kamati haujabadilika: faili moja likitoka sawa kwa mhadhiri, linamfaa kila atakayesoma kozi hiyo miaka yote.

Kikwazo kikubwa si programu. NVDA, kisoma skrini cha kompyuta za Windows, inapatikana bure. Kazi hiyo ilianza mwaka 2006 mikononi mwa Michael Curran na James Teh, Waaustralia wawili wasioona, na vijana wetu wengi wanaitumia. Kwenye simu nyingi za Android, kisoma skrini kiitwacho TalkBack kimo tayari. Kikwazo ni madesa yenyewe, yaani maandishi ya masomo wanayogawiwa wanafunzi. Mhadhiri anaskani kitabu ukurasa kwa ukurasa, au CR, kiongozi wa darasa, anapiga picha ubao na kuirusha kwenye grupu la WhatsApp. Anayeona anasoma. Kwa kisoma skrini ile ni picha tupu, haina hata herufi moja ndani yake.

Tuliyofundisha ni machache, nami nayataja kwa kuwa wengi wenu mtakwenda kuyafundisha vyuoni kwenu. La kwanza ni vichwa vya habari. Mtumiaji wa NVDA hubonyeza H kuruka kutoka kichwa kimoja hadi kingine, jinsi mwenye macho anavyoperuzi ukurasa. Mwandishi akikoleza wino na kukuza herufi tu, bila kutumia mitindo ya vichwa iliyomo kwenye Word, kwa NVDA hapo hapana kichwa, na mwanafunzi atalazimika kusikiliza kurasa arobaini mfululizo akitafuta mada ya tatu. Viungo navyo vina balaa lake. Programu hizi huweza kukusanya viungo vyote vya ukurasa katika orodha moja, na orodha ikisomeka "bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa", haina msaada wowote. Kiungo kiseme kinakokwenda.

Lililowashangaza wahadhiri wengi ni lugha ya faili. Hati ya Kiswahili ikiachwa imetambulishwa kuwa ya Kiingereza, kompyuta huisoma kwa sauti ya Kiingereza. Aliyewahi kusikia sura nzima ya fasihi simulizi ikitamkwa hivyo hasahau. NVDA huja na eSpeak NG, programu ya kutamka maandishi, yenye sauti ya Kiswahili. Sauti ile ni kavu, sikatai, lakini inaeleweka. Kinachotakiwa ni kuchagua maandishi na kuyaweka katika lugha ya Kiswahili. Kisha faili lihifadhiwe kama PDF kutoka ndani ya Word, lisipitishwe kwenye amri ya kuchapa, kwa sababu kule vichwa vyote hupotea.

Wataalamu wa mifumo walitaka tuanze na WCAG, miongozo ya kimataifa ya kufanya maudhui ya mtandaoni yatumike na watu wenye ulemavu, ambayo toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Nilipinga, na bado napinga. Mhadhiri akikabidhiwa hati ile ataiweka kabatini na kuendelea kuskani. Anachohitaji ni saa mbili na faili lake mwenyewe mbele yake. Miongozo tumewaachia mafundi, ila kipimo kimoja tumekishusha hadi kwa wahadhiri: utofauti wa rangi ya maandishi na ya mandhari usipungue 4.5 kwa 1. Wanafunzi wenye ualbino na wengine wenye uoni hafifu wameteseka vya kutosha na slaidi za njano juu ya nyeupe.

Kwa wanafunzi viziwi hatukufika mbali. Tumesisitiza video ziwe na maandishi chini, yaliyopitiwa na mtu, pamoja na faili la maneno yote yaliyosemwa. Faili hilo limependwa hata na wasio na ulemavu, maana halimalizi bando. Lakini kwa kiziwi aliyekulia katika Lugha ya Alama ya Tanzania, Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili, na maandishi ya chini peke yake hayamfikishi kwenye mada ngumu. Anahitaji mkalimani. Wakalimani ni wachache, na wanaomudu istilahi za sheria au uhandisi ni wachache zaidi.

Majaribio ya mtandaoni yamekuwa mepesi kuliko tulivyotarajia. Moodle, mfumo wa kujifunzia mtandaoni unaotumika katika vyuo vyetu vingi, humruhusu mwalimu kumwongezea muda mwanafunzi mmoja bila kugusa wengine. Wengi hawakujua kitufe hicho kipo. Hisabati, kwa upande mwingine, bado ni kitendawili: milinganyo inabandikwa kama picha, na hata iliyoandikwa vizuri hupotea faili linapogeuzwa kuwa PDF.

Kuhusu sheria nitasema kidogo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu tunayo tangu 2010, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009. Mwaka 2020 nchi ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaolenga kuruhusu vitabu kugeuzwa kuwa nukta nundu (maandishi ya Braille yanayosomwa kwa vidole), sauti au faili linalosomeka bila kuomba ridhaa ya mwenye hakimiliki. Mkataba huo ni wa wasioona na wengine wasioweza kusoma chapa. Viziwi hauwagusi, kwa hiyo wanaoutaja katika mjadala wa video wauache.

Sasa hoja yenyewe. Fedha za miradi za mwaka ujao zinatosha jambo moja kati ya mawili: kununua mashine ya kuchapa nukta nundu, au kulipia wakalimani wa lugha ya alama watakaorekodi kozi za mwaka wa kwanza pamoja na wahadhiri. Kamati inapendekeza wakalimani. Asiyeona ana programu ya bure ya kumwanzisha, kiziwi hana kinacholingana nayo. Mashine nayo inadai karatasi nene na fundi wa kudumu. Wajumbe wawili wa Kamati hawakukubaliana nasi. Wanasema mwanafunzi wa hisabati asiyegusa nukta nundu anafundishwa nusu, na hoja hiyo ni nzito. Nimewaomba waieleze wenyewe kabla ya kura, wakianza wao, kisha Katibu atasoma makadirio ya gharama za pande zote mbili.