Barua ya wazi kwa wapagazi wa Kilimanjaro kuhusu utando unaoshika vifundo na nyayo zao

Wanangu wapagazi, ninyi mnaojiita wagumu,

Nawaandikia kutoka hapa Moshi, mimi mzee wenu ambaye kazi yangu ilikuwa kutibu viungo, na wengi niliowahudumia walikuwa watu wanaoishi kwa mlima. Kuhusu uzito wa mzigo mmekwisha kuelezwa mengi. Ninalotaka mlijue ni kile kinachoushika mguu chini ya mzigo huo, kwa sababu naona vijana wakikiumiza bila kujua kwamba kipo.

Chini ya ngozi na mafuta yake, mguu wote umevikwa utando mgumu wa nyuzi ambao wataalamu huuita fashia. Utando huo hufunika muundi na shavu la mguu, kisha huendelea bila kukatika hadi vidoleni. Upande wa juu, mnapofunga kamba za viatu, ni mwembamba. Chini ya unyayo ni mnene sana. Na kuzunguka kifundo nyuzi zake hukusanyika zikawa mikanda, inayoitwa retinakula. Misuli mikubwa inayoendesha vidole iko juu, kwenye muundi na shavu la mguu, na kano zake ndefu hulazimika kupinda zinapofika kifundoni. Mikanda hiyo huzishika kama vitanzi vya suruali vinavyoshika mshipi, kano zikateleza bila kuhama mahali pake.

Mkanda wa mbele ndio unaonipa wasiwasi zaidi. Sehemu yake ya chini ina umbo la herufi Y: shina lake limeshikamana na mfupa wa kisigino upande wa nje, tawi moja linapanda hadi nundu ya ndani ya kifundo, na jingine linazunguka kuelekea chini ya unyayo. Chini yake zinapita kano zinazoinua unyayo na vidole, pamoja na ateri na neva inayokwenda kwenye ngozi iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha pili. Sasa fikirini safari ya kushuka mlima kwa njia ya Mweka. Kutoka kambi ya Barafu, iliyo juu ya mita 4,600, hadi geti lililo chini ya mita 1,700, msuli wa mbele ya muundi hufanya kazi ya kuzuia unyayo usipige chini kwa kishindo katika kila hatua, nanyi mmekaza kamba za buti juu ya mkanda huo huo, mara nyingi buti la mtumba lisilowatosha. Kano husuguliwa, neva hubanwa, na ganzi huanza kati ya vile vidole viwili. Ganzi hiyo msiipuuze. Simameni, legezeni kamba pale kifundo kinapopinda, na kazeni zaidi chini, kuelekea vidoleni, ili mguu usiteleze ndani ya kiatu.

Upande wa nje, nyuma ya nundu ya kifundo, mkanda mwingine hushika kano mbili zinazozuia mguu usijipinde kwa ndani. Mkanda huu unaweza kuchanika mtu anapojikwaa huku msuli ukijikaza ghafla, na jeraha lake hudhaniwa kuwa ni kuteguka kwa kawaida. Mkihisi kano inaruka juu ya mfupa kila mnapozungusha kifundo, msiende kwa mchuaji. Nendeni hospitali, kwa kuwa kuchua hakurudishi mkanda uliochanika. Tena mikanda hii imejaa miisho ya neva inayoueleza ubongo mguu umekaaje, na hiyo ni sababu mojawapo ya aliyeteguka mara moja kuteguka tena kwa urahisi. Maumivu yakishatulia, zoeeni kusimama kwa mguu mmoja kila siku, karibu na ukuta, hadi kifundo kiache kuyumba.

Chini ya unyayo, utando mnene hutoka kwenye mfupa wa kisigino na kugawanyika mapande matano, kila kidole na pande lake. Mwaka 1954, nchini Uingereza, J. H. Hicks alieleza jinsi vidole vinapokunjwa kwenda juu, mtu anapojisukuma mbele, utando huo unavyovutwa na kuuinua upinde wa unyayo. Mwenye kisigino kinachouma katika hatua za kwanza za asubuhi basi na avivute vidole vyake juu kwa mkono kabla hajashuka kitandani, anyooshe na shavu la mguu, na apunguze safari kwa muda. Najua kupunguza safari ni kupunguza chakula nyumbani, lakini kisigino kilicholazimishwa huuma kwa miezi mingi.

Kuna jambo moja lisilongoja kabisa. Fashia hugawanya misuli ya muundi na shavu la mguu katika vyumba vinne, na haitanuki. Mwenzenu akiangukiwa na jiwe au akivunjika muundi, uvimbe ndani ya chumba unaweza kuikosesha misuli damu katika muda wa saa chache tu. Dalili yake ni maumivu makali kuliko jeraha linavyoonekana, yanayozidi mnapovinyoosha vidole vyake, hata kama mapigo ya damu bado yapo. Mfungueni buti na bandeji yoyote inayobana, mguu uwe usawa wa moyo bila kuinuliwa juu zaidi, msimchue, na mshusheni mara moja, hata kama ni usiku, hadi hospitali ya KCMC hapa Moshi au hospitali yoyote yenye daktari wa upasuaji, ambaye ataupasua utando huo ili misuli ipate nafasi.

Ni mimi mzee wenu,
Moshi