Rehema, rekebisha ukurasa wa Zadar

Rehema mpenzi,

Salamu nyingi, na Bi Mkubwa mfikishie shikamoo yangu. Rasimu yako nimeisoma yote. Kwa kuwa unaikabidhi Ijumaa, mengine tutazungumza baadaye. Kesi ya Blečić, yule mama wa mji wa Zadar, dhidi ya Croatia haingoji.

Umeandika kwamba Strasbourg, yaani Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, ilihalalisha kufutwa kwa upangaji wake wa nyumba. Jopo la kwanza, 2004, ndiyo, liliona haki haikuvunjwa. Lakini Jopo Kuu, tarehe 8 Machi 2006, halikufika huko. Lilisema halina mamlaka, kwa sababu ya tarehe tu. Mahakama ya Juu ya Croatia ilimfutia upangaji tarehe 15 Februari 1996, na nchi hiyo iliridhia Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu Novemba 1997, baada ya hapo. Blečić alishikilia uamuzi wa Mahakama ya Katiba ya Croatia wa 1999. Majaji wengi wakasema haki ilishatoweka 1996, na kushindwa kuirudisha baadaye si uvunjaji mpya.

Halafu umempita mama mwenyewe haraka mno. Upangaji wa nyumba za umma Yugoslavia ulikuwa wa maisha, na jamaa wa nyumbani waliweza kuurithi. Ujamaa ulipokwisha, wapangaji hao ndio waliouziwa nyumba kwa bei nafuu. Kwa hiyo aliyefutiwa alipoteza makazi na nafasi ya kununua pia. Ili kuufuta upangaji, sheria ilitaka mpangaji awe ameiacha nyumba kwa zaidi ya miezi 6 bila sababu ya msingi. Yeye alikwenda Italia kwa bintiye Julai 1991. Vita vikaja, Zadar ikapigwa mizinga, watu wakavunja mlango wakahamia. Februari 1992 manispaa ikamshtaki kwa kutokuwepo! Hilo linaniuma kila nikilisoma.

Na usiishie Strasbourg. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, 2009, katika shauri la Vojnović kuhusu nyumba ya Zagreb, iliona haki imevunjwa. Mlango huo wengi huusahau. Tena, muda wa kwenda Strasbourg sasa ni miezi 4, si 6, tangu Februari 2022, sahihisha tanbihi.

Je, kesi ya Ćosić dhidi ya Croatia, ya Strasbourg 2009, umeiacha makusudi? Yule mwalimu alishinda kwa sababu mahakama za kwao hazikupima kama kumtoa nyumbani kulilingana na haja. Na majengo yaliyotaifishwa kwetu Tanzania 1971 utayagusa, au msimamizi amekukataza? Mwanajuma amekuletea zile hukumu?

Wako,
Zuhura