Barua ya wazi kwa Afisa Biashara wa Mkoa wa Mbeya: kisu kiseme kimepita mikono ya nani

Ndugu Afisa Biashara,

Mimi ni mhunzi wa Uyole. Nafua visu, mapanga na nyengo kwa springi chakavu za magari, kazi niliyoachiwa na baba. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawagusa wanunuzi wengi kuliko sisi wahunzi wachache.

Kabla ya masika mama mmoja mwenye bucha alinijia na kisu kilichokatika pale ubapa unapokutana na mpini. Alikinunua kwenye maonesho kwa shilingi 25,000, akiambiwa kimefuliwa kwa mkono na mafundi wa nyanda za juu. Nikaung'oa mpini mbele yake. Mkia wa chuma uliokuwa ndani ya mti haukuzidi kidole gumba, na ubavuni palikwanguliwa kwa grenda, mahali ilipokuwa chapa ya kiwanda. Kazi iliyofanyika huku kwetu kwenye kisu kile ni mpini wa mninga na ripiti mbili, basi. Mama wa watu alinyamaza, kisha akaniuliza kama na mimi huwa nafanya hivyo. Swali lile limenikaa rohoni mpaka leo.

Siombi visu vya kiwandani vizuiwe. Nyumbani kwangu kimo kimoja, chembamba, hakishiki kutu hata kikilala kwenye beseni la vyombo usiku kucha. Changu kikilala humo, asubuhi kina kutu. Kwa anayekata nyanya na vitunguu, cha kiwandani cha bei nafuu kinamtosha kabisa. Ninachoomba ni kila kisu kiuzwe kwa jina lake.

Kisu cha kufuliwa huanza kwenye makaa. Chuma kinatoka chekundu, kinapigwa juu ya fuawe mpaka kipate umbo, kinene shingoni, kikipungua kuelekea nchani. Halafu inakuja kazi isiyoonekana kwa macho, ambayo ndiyo mnunuzi anailipia. Chuma cha springi kina kaboni kama asilimia 0.6, kwa hiyo kinakubali kukazwa. Nakipasha mpaka sumaku ikatae kukishika, karibu nyuzi 770, nakiongezea moto kidogo, ndipo nakichovya kwenye oili ya uvuguvugu. Kikitoka hapo ni kigumu lakini kinavunjika kama chupa. Lazima kirudi kwenye moto mdogo, kama nyuzi 200, mpaka kigeuke rangi ya majani makavu. Ukikosea hapo umepoteza kazi ya siku nzima, na hakuna atakayejua isipokuwa yule atakayekitumia.

Penye utata ni katikati, na hapo naomba ofisi yako iwe makini. Kuna fundi anayekata umbo la kisu kwenye bamba la chuma kwa grenda bila kulipiga nyundo. Kwangu mimi huyo kafanya kazi ya mkono, ila asiseme kafua. Kuna anayepeleka visu vyake Dar es Salaam kutiwa moto kwenye tanuru la umeme, maana moto wa makaa ni mgumu kuupima. Simlaumu, pengine kisu chake kitakuwa bora kuliko changu. Kuna anayeagiza ubapa ulio tayari, akautia mpini na kuunoa. Hiyo nayo ni kazi halali, na mpini unaokaa vizuri mkononi unataka ufundi. Wote hao wana haki ya kuuza. Ila wasijifiche wote nyuma ya neno moja, "kienyeji".

Wenzetu wamelipitia hili. Huko Sakai, Japani, mji unaojulikana kwa visu vya jikoni, anayefua, anayenoa na anayetia mpini kwa kawaida ni watu tofauti, na hakuna anayeficha. Solingen, Ujerumani, visu vingi hutoka viwandani, lakini tangu 1938 jina la mji linalindwa kwa sheria: kazi za msingi zisipofanyika huko, jina hilo halipigwi kwenye kisu.

Na sisi jina tunalo. Wafipa waliyeyusha chuma kwenye malungu, yale matanuru marefu ya udongo. Wakinga walifua majembe yaliyoshushwa kutoka milimani mpaka kwa Wanyakyusa. Leo mgema wa ulanzi, pombe ya mwanzi, kule Iringa na Njombe anakata ncha ya chipukizi la mwanzi asubuhi na jioni, utepe mwembamba tu. Kisu butu kinaliponda. Mtu huyo hanunui pambo. Akidanganywa, msimu wake ndio unaoumia.

Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 tayari inakataza maelezo ya uongo, na Tume ya Ushindani, inayolinda walaji, ipo. Lakini mama wa bucha hataacha biashara yake akafungue shauri la kisu kimoja. Tuanzie Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, kisha soko la Mwanjelwa. Kila muuza visu atundike karatasi yenye majibu ya maswali matatu: ubapa umetoka wapi, nani kautia moto, nani katia mpini. Cha kiwandani kibaki na chapa yake. Atakayekutwa ameifuta aondolewe kwenye maonesho.

Mkaguzi si lazima awe mhunzi. Apange mezani visu kumi vya muuzaji mmoja. Alama za nyundo zikiwa zimekaa pale pale kwenye vyote kumi, hizo zimepigwa na mashine.

Niko tayari kuja ofisini siku utakayopanga na visu vitatu vilivyotolewa mipini: cha kufuliwa, cha ubapa wa kuagiza na cha kiwandani, uvishike mwenyewe. Yule mama amekubali kuniazima kile chake kilichokatika. Nacho nitakileta.

Mhunzi,
Uyole, Mbeya